Siku Benchi la Mbele Liliposimama

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si zamani sana, maana mawe ya huko bado yana joto la jua la siku ile, palikuwa na Bonde la Ukungu.

Ukungu wa bonde lile ulikuwa na tabia zake. Asubuhi ulipanda mlimani polepole, kama mtu anayekwenda kazini. Mchana ulirudi ukajilaza juu ya miti, na kila kitu chini yake kikawa laini. Sauti laini, mwanga laini. Hata mwiba ukikuchoma mguuni, unaona kama umeota tu.

Wanyama wa bonde lile walikuwa na nyumba zao, majiko yao na mikeka yao. Na Digidigi alikuwepo.

Mnamjua Digidigi? Ni paa mdogo kuliko paa wote. Miguu yake kama njiti za kibiriti, macho yake kama vifungo vya koti la mzee. Aliishi na mama yake kwenye kijumba chini ya kichaka.

Sasa sikilizeni. Digidigi hahitaji maji mengi. Akitafuna majani mabichi, maji ya majani yanamtosha. Lakini mama yake alikuwa mzee, meno yote yameng'oka. Atatafuna kwa kitu gani? Mama yule ilikuwa lazima anywe maji ya kweli, maji ya kwenye kata.

Na maji yalikuwa yanazama.

Katikati ya bonde palikuwa na chemchemi moja. Tope na mawe vilikuwa vimeiziba kooni, kidogo kidogo, na maji yakashuka chini, kidogo kidogo. Tembo aliyafikia kwa mkonga. Twiga aliyafikia kwa shingo. Wadogo ndio waliochungulia tu, wakaona maji yanang'aa huko chini kama jicho la mtu mwingine.

Asubuhi moja Digidigi alishusha kibuyu kwa kamba. Akasikiliza. Badala ya chubwi, akasikia tap!

Akakirudisha nyumbani.

"Mama, leo nimekuletea tope."

"Tope nalo lina maji ndani yake, mwanangu. Likamue."

Digidigi akalikamua kwenye kitambaa. Likatoka tone, halafu tone, halafu basi. Mama akalamba. Alitaka kusema asante, lakini neno lilitoka limekunjamana kama jani kavu.

"Nenda... bungeni," akasema mama. "Si walikuchagua?"

"Walinichagua, mama. Ila tunakaa nyuma."

"Hata nyuma... ni ndani."

Digidigi akajifunga kitambaa chake cha shingoni, akatoka mbio. Tipu tipu tipu tipu!

Bunge la Wanyama lilikuwa kwenye uwanja wa nyasi. Juu ya kichuguu alikaa Spika, Korongo, miwani puani, gongo pembeni. Hapo juu ni pake peke yake. Mwingine yeyote kupanda jiwe au tawi ni marufuku.

Mbele, kwenye kivuli na upepo, kulikuwa na benchi la wakubwa: Mzee Tembo, Bi Twiga na Bwana Pundamilia. Nyuma, juani, walikaa wadogo wote, na nyasi za huko zilikuwa ndefu kuliko wao.

Korongo alizipenda kanuni kuliko samaki. Kanuni ilisema hivi: mbunge mwenye jambo la dharura aseme. Wanaomuunga mkono wasimame, Spika awaone. Akiwaona, hoja inafunguliwa hapo hapo, na kila kitu kingine kinasimama. Hakuna kutoka, hakuna kula, hakuna kunywa, mpaka Bunge liamue.

Siku hiyo walikuwa na hoja ya Bwana Pundamilia ya kulipongeza benchi la mbele kwa kukaa mbele.

"Mheshimiwa Spika! Jambo la dharura!"

Korongo akanyoosha shingo huku, akanyoosha kule. "Sauti naisikia. Mwenye sauti yuko wapi?"

"Niko hapa, Mheshimiwa. Kwenye nyasi. Hizi zinazotikisika."

"Hoo hoo hoo!" benchi la mbele likacheka.

"Haya, endeleeni nyasi," akasema Korongo. "Samahani. Endelea, Mheshimiwa Digidigi."

"Mheshimiwa Spika, chemchemi inazama. Sisi wafupi hatuyafikii maji tena. Kuna wazee wanakauka majumbani. Naomba Bunge liache shughuli zote tujadili sasa hivi."

Bwana Pundamilia akainua kwato. "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Mimi asubuhi nimekunywa. Maji yapo."

"Hata mimi nimekunywa," akasema Bi Twiga. "Niliinama kidogo tu, hivi. Hata kiuno hakikuuma."

Mzee Tembo akakohoa. Kho! Kho! "Mdogo wangu, dharura ni kitu kinachomgusa kila mtu. Mimi hakijanigusa."

"Hakijakufikia, Mzee. Kiko njiani."

"Basi kikifika tutakikaribisha."

Hoo hoo hoo!

Korongo akagonga gongo. Ngo! "Wanaounga mkono, wasimame."

Wadogo wote wakasimama. Njiwa akasimama, Nguchiro akasimama, panya na ndugu zake wakasimama kwa vidole. Nyasi zikafanya shwaaa.

Korongo akatazama. "Naona nyasi."

"Tumesimama, Mheshimiwa!" wakapiga kelele.

"Inawezekana kabisa mmesimama. Lakini kanuni inasema Spika aone. Mimi naona nyasi." Akageuka. "Benchi la mbele?"

Benchi la mbele lilikuwa limekaa.

"Kusimama ni kazi, Mheshimiwa," akasema Mzee Tembo. "Mwili huu hauinuliwi ovyo ovyo."

"Basi, hoja inakwenda Kamati ya Konokono."

"Mama wee!" wadogo wakashika vichwa. Hoja ya Nguchiro ilipelekwa kwa konokono angali kijana, na sasa ana wajukuu.

"Tunapumzika kwa chakula cha mchana," akasema Korongo. "Jua likiinama, turudi." Ngo!

Digidigi hakwenda kula. Alijiambia, "Labda Bi Twiga nimwombe mwenyewe. Naye ni mama wa watu." Akaenda mpaka kwenye nyumba ndefu yenye mlango mrefu.

"Hodi, Bi Twiga! Hodi hapa!"

Mlango ulikuwa wazi. Digidigi akachungulia.

Bi Twiga alikuwa amekaa kwenye kigoda, khanga kiunoni, ameshiba, mdomo bado unatafuna kidogo kwa mazoea. Ukungu ulikuwa umeingia kupitia dirishani na kumkalia mabegani. Kichwa kikashuka. Kikapanda. Kikashuka.

Halafu, wanangu, likatokea jambo.

Bi Twiga akaanza kuinuka. Taratibu, kama moshi wa jiko lililozimwa. Magoti yakanyooka. Mgongo ukanyooka. Shingo ikapanda, ikapanda, mpaka kichwa kikawa karibu na dari. Akasimama wima, macho yamefumba, kigoda kimebaki nyuma yake peke yake.

"Fyuuu," akapumua. "Fyuuu."

"Bi Twiga?"

"Fyuuu."

Digidigi akavuta pindo la khanga. Hakuna kitu.

"Usijisumbue, shoga," sauti ikasema kutoka juu ya paa la nyumba. Alikuwa Njiwa, anatafuta punje. "Akishazama hivyo, haamki. Nyumba zote tatu ziko hivi hivi saa hizi. Tembo wima, Pundamilia wima."

"Wanalala wamesimama?"

"Tangu kwa babu zao. Ilikuwa simba akija, wawe tayari kukimbia. Usingizi wa kweli ukiwashika, mwili unainuka wenyewe."

"Mbona bungeni hawainuki?"

"Bungeni wanalala basi? Wanasinzia tu! Kanuni inasema ukikamatwa umelala, unahamia nyuma kwenye nyasi. Mmoja akianza kuzama, mwenzake anampiga kiwiko. Puu!"

Digidigi akasogea ndani hatua moja. Alimtazama Bi Twiga, mrefu, mtulivu, amesimama kama mtu aliyekubali jambo kubwa. Akamtazama muda mrefu. Masikio yake yakaanza kucheza.

"Njiwa, shoga yangu. Ule wimbo wako wa mchana, unaweza kuuimba polepole?"

"Polepole kiasi gani?"

"Kama maji yanayofikiria yateremke au yasiteremke."

Njiwa akainamisha kichwa. "Naweza."

Wakamfuata Nguchiro, wakamweleza. Nguchiro alicheka mpaka akakaa chini. "Na mimi nifanye nini?"

"Wewe ujipenyeze chini ya benchi la mbele. Ukiona kiwiko kinakuja, weka mkia wako katikati, kiangukie palipo laini."

"Mkia wangu? Kiwiko cha Tembo?"

"Ni kwa ajili ya mama, kaka."

"Mama yako ni mama yangu," akasema Nguchiro. "Lakini mkia ni wangu peke yangu." Akaukumbatia kidogo. "Haya. Twende."

Digidigi akapitia nyumbani. "Mama?"

Mama alikuwa amelala ubavu, anatazama mlangoni. Midomo ilitikisika lakini neno halikutoka. Digidigi akamfunika, akamgusa paji la uso kwa pua. Lilikuwa la moto kama jiwe la jikoni.

"Narudi na maji, mama. Usilale mbali."

Tipu tipu tipu tipu!

Jua likainama. Bunge likarudi. Ukungu ulikuwa umeshuka, umejaa uwanjani kama maziwa kwenye bakuli, na wakubwa walikuwa wameshiba, wamekaa benchini, wanapepesa macho.

"Mheshimiwa Spika," zikasema nyasi zinazotikisika. "Asubuhi nimewasumbua wakubwa zangu. Naomba niombe radhi, na niseme maneno machache ya kulipongeza benchi la mbele."

"Mpe nafasi, Mheshimiwa Spika!" akasema Mzee Tembo. "Mtoto ana adabu huyu!"

"Unayo hoja?" akauliza Korongo.

"Ninayo, Mheshimiwa. Iko mwishoni mwa maneno yangu."

"Kanuni inaruhusu."

"Nakuomba na mwongozo kidogo. Mbunge akisimama kuunga mkono, asiposema neno, anahesabiwa?"

"Anahesabiwa. Kanuni inasema kusimama. Haisemi kusema."

"Swali zuri," akasema Bwana Pundamilia, akapiga mwayo.

Digidigi akaanza. Hakupaza sauti. Aliteremsha maneno moja moja, kama mtu anayeshusha mtoto kitandani.

"Nani kama Mzee Tembo? Akitembea, ardhi inatulia. Masikio yake ni mapana, yanapepea, yanapepea. Upepo wake unafika mpaka kwenye mto wa mbali, ule wa kijani, ambao maji yake ni vuguvugu, na tope lake ni jororo, na hakuna mtu anayekuita..."

"Kweli kabisa," akanong'ona Mzee Tembo, akafumba macho ili asikie vizuri.

Nyuma, kwenye nyasi, Njiwa akaanza. "Kruuu... kuuu... kruuu... kuuu..."

"Nani kama Bi Twiga? Kichwa chake kiko juu, kule ambako mawingu yanaoshana nyuso. Anakula majani ya juu kabisa, yale machanga, yenye umande. Anatafuna. Anatafuna. Wingu linapita. Anatafuna tena. Wingu lingine linapita..."

"Linapita," akasema Bi Twiga kwa mbali.

"Kruuu... kuuu..."

"Nani kama Bwana Pundamilia? Mistari yake, ukiifuata kwa macho, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, unakwenda, unakwenda, kama njia kwenye uwanda mkubwa, na mwisho wa uwanda kuna uwanda mwingine..."

Kichwa cha Pundamilia kikashuka. Mzee Tembo, ambaye jicho moja lilikuwa bado na tundu dogo, akaona. Kiwiko kikaenda. Lakini kilianguka kwenye kitu laini chenye manyoya.

Pofu!

Chini ya benchi Nguchiro aling'ata meno, machozi yakamtoka, hakutoa hata "iii".

"Laini," akasema Mzee Tembo, na lile tundu dogo nalo likafunga.

Ukungu ukawakalia mabegani. Digidigi hakuacha. Akasema juu ya kivuli, na kivuli cha kivuli, na nyuki mmoja aliyesahau anakokwenda. Njiwa akaimba polepole zaidi, mpaka kati ya kruuu na kuuu ungeweza kupika chai.

Na wakaanza kuinuka.

Wa kwanza Bi Twiga. Kama moshi. Halafu Pundamilia, miguu minne ikinyooka mmoja mmoja. Halafu Mzee Tembo, na benchi likasema krrr lilipoachiwa mzigo. Akainuka kama mlima unaojikumbuka. Wote watatu wakasimama wima, kimya, mbele ya Bunge lote.

Wadogo hawakupumua.

"Na sasa hoja yangu, Mheshimiwa Spika," akasema Digidigi, na sauti yake sasa ilikuwa wazi kama kijiko kwenye kikombe. "Jambo la dharura. Maji. Naomba tujadili sasa hivi."

"Wanaounga mkono, wasi..." Korongo akaanza. Akakwama.

Akavua miwani, akaifuta ukungu, akaivaa tena. Benchi lote la mbele limesimama! Hajaona kitu kama hicho tangu ameanza kukaa kwenye kichuguu.

"Nawaona," akasema, na sauti ikamtetemeka. "Nawaona kwa macho yangu. Hoja imefunguliwa!"

NGOOO!

"Eeh!" "Aah!" "Simba!" Wakubwa wakashtuka, wakagongana, puu, paa, benchi likapinduka.

"Nani kanisimamisha?" akaunguruma Mzee Tembo. "Kuna nini hapa?"

"Kuna mjadala, Mheshimiwa," akasema Korongo. "Mmeunga mkono jambo la dharura. Pongezi sana."

"Nani ameunga? Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Mimi sikusimama!"

"Mpaka sasa umesimama."

"Nimesimama, ndiyo, lakini sikusimama kwa kusimama! Nilikuwa... nilikuwa..."

Nyasi zikatikisika. "Ulikuwaje, Mzee?" akauliza Digidigi kwa upole. "Bunge linakusikiliza. Ulikuwa umelala?"

Hata ukungu ulisogea karibu usikie.

Mzee Tembo akatazama benchi lake, kivuli chake, upepo wake. Akatazama nyuma: jua, viroboto, nyasi za kuwasha. Akameza mate.

"Nani, mimi? Nilale? Nilikuwa naunga mkono!"

"Mimi niliunga mkono kabla yake!" akasema Bi Twiga haraka. "Muulizeni yeyote, mimi ndiye niliyeanza kusimama!"

"Mimi nilitaka kusimama tangu asubuhi," akasema Bwana Pundamilia. "Mguu ulikuwa umekufa ganzi."

Makofi! Pa pa pa pa! Wadogo waliruka mpaka masikio yao yakaonekana juu ya nyasi.

Mzee Tembo hakufurahi. Alijua ameshikwa, ila hakujua ameshikwa wapi. "Sawa," akasema. "Tujadili. Tujadili mpaka huyu mwenye hoja asinzie." Akaanza kuhutubia. Alianza na historia ya maji. Alianza na babu yake. Alianza na babu wa babu yake.

Jua likatoka pembeni mwa ukungu, likampiga kisogoni. Mwili mkubwa, wanangu, kiu yake nayo kubwa. Katikati ya babu wa tatu, mkonga ukateleza pembeni kutafuta mtungi wa benchi la mbele.

Ngo! "Hakuna kunywa," akasema Korongo. "Hoja iko wazi."

"Hata funda moja?"

"Kanuni."

Mzee Tembo akaendelea. Sauti ikaanza kukwaruza. "Na babu yangu... khrr... alipokuwa... khrr..."

"Malizia, Mzee!" akalia Bi Twiga. "Mwenzio nina koo refu! Likikauka, linakauka lote!"

"Ulimi wangu umeganda juu huku," akasema Bwana Pundamilia. "Fikienfi... fikienfi!"

"Anasema tufikirieni," akaeleza Nguchiro, ambaye sasa alikuwa anaupuliza mkia wake.

Mzee Tembo akaacha hotuba. Alilamba midomo, ikamkwaruza. Akautazama mtungi uliojaa, pale pale, mbele ya macho yake, asioweza kuufikia. Akautazama muda mrefu. Halafu akazitazama nyasi.

"Mheshimiwa Digidigi," akasema, na safari hii hakusema mdogo wangu. "Hivi ndivyo wanavyosikia wazee wenu?"

"Hii ni kiu ya mchana mmoja, Mzee. Mama yangu anayo tangu mwezi huu ulipoandama."

"Yuko wapi mama?"

"Nyumbani. Nilipotoka, alikuwa hawezi kusema."

Mzee Tembo akashusha masikio. Kitu fulani kilipita usoni mwake, polepole, kama wingu linapopita juu ya shamba.

"Mheshimiwa Spika," akasema. "Natoa hoja tufunge mjadala, tukachimbe chemchemi. Sasa hivi. Wote wenye nguvu. Nani ananiunga mkono?"

Bi Twiga akasimama. Bwana Pundamilia akasimama. Macho yalikuwa wazi kabisa.

"Imepita!" Ngooo! "Bunge linahamia chemchemini!"

Wakaenda mbio, ardhi ikitikisika, titi titi titi! Mzee Tembo akapiga magoti, akachimba kwa pembe: grrk, grrk! Bwana Pundamilia akarusha tope kwa mateke: fya! fya! Bi Twiga akashusha shingo shimoni, akatoa mawe moja moja kwa meno, na kila jiwe likitoka chemchemi ilishusha pumzi, kama mtu anayefunguliwa vifungo vya shati.

Jiwe la mwisho lilikuwa kubwa. Mzee Tembo akalizungushia mkonga. "Hiiiii... yaaa!"

Plop!

Mwanzo hakikutokea kitu. Kisha chini kabisa pakasikika blup. Blup, blup. Maji yakapanda taratibu, yamebeba ukungu na mbingu yote juu yake, mpaka yakafika ukingoni, mpaka kwenye miguu ya panya.

Digidigi hakuwepo. Alikuwa ameshakimbia nyumbani. Aliporudi, alikuwa anatembea hatua ndogo ndogo, mama yake amemwegemea ubavuni, na wanyama wote wakasogea kuwapa njia.

Mama akafika ukingoni. Hapakuwa na haja ya kibuyu wala kamba. Akainama mwenyewe, akanywa. Akapumzika. Akanywa tena. Masikio yake yaliyokuwa yamelala yakasimama, moja, halafu la pili.

Mzee Tembo alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa maji, tope mpaka machoni, anasubiri mama amalize kwanza.

"Mama," akasema kwa aibu, "ungetuambia tu mapema. Mbona tungekuja!"

Mama akainua uso, maji yanadondoka kidevuni, akamtazama kwa huruma kama mtu anavyomtazama mjukuu.

"Mliambiwa, mwanangu," akasema. "Mlikuwa mmekaa."

Basi, wanangu, mtu akikuambia jambo la mwenzako si la dharura, kwanza muulize yeye kama ameshakunywa maji.